Gitaa, amplifaya au pedali: pesa zako zianzie wapi?

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ni mpiga gitaa. Jumatatu hadi Ijumaa yuko kwenye simu na wateja waliotuma pesa kwa nambari isiyo sahihi. Jumamosi yuko na bendi, mara harusi, mara ruracio, mara kilabu kule Thika Road. Kuna siku alikuja akilalamika ati pesa zake zinapotea na haelewi zinakwenda wapi. Tukamwambia afanye kile tunachowaambia wateja kila siku: aitishe taarifa ya miamala ya miezi kumi, akae chini na kalamu, aipitie mstari kwa mstari.

Pesa hazikuwa zimepotea. Zilikuwa miguuni pake.

Kwa asiyejua, pedali ni kisanduku kidogo cha chuma ambacho mpiga gitaa hukikanyaga ili kubadilisha sauti ya gitaa. Moja hufanya sauti ikwaruze, nyingine huipa mwangwi, nyingine huifanya isikike kama magitaa mawili yanapiga pamoja. Katika miezi ile kumi mwenzetu alinunua sita: ya 6,500, ya 9,000, ya 4,800, ya 11,000, ya 7,500 na ya 8,200. Hizo ni shilingi 47,000. Ongeza kifaa cha kuzigawia stima, 5,000, na nyaya fupi za kuziunganisha, 3,000. Jumla 55,000.

Wakati huo wote amplifaya yake ilikuwa ile ndogo ya wati 10 aliyopewa pamoja na gitaa la kuanzia. Nyumbani ilimtosha. Lakini kwenye ruracio moja Murang'a, ndani ya hema lenye watu kama mia mbili, dramu zilipoanza gitaa lake likamezwa kabisa. Akaongeza sauti hadi mwisho, kikawa kelele tupu. Kiongozi wa bendi hakumgombeza. Alinyamaza tu, na Jumamosi iliyofuata akampigia simu mtu mwingine. Mwenzetu alikaa miezi miwili bila kazi ya wikendi, na hiyo ndiyo pesa aliyokuwa akiitegemea kulipa karo ya mtoto.

Amekubali tusimulie kisa hiki bila jina, kwa sharti moja: tuseme kwamba zile pedali zilikuwa nzuri. Tumesema.

Kwa nini pedali humeza pesa bila wewe kujua

Hatuko hapa kumcheka. Tukiangalia namna watu wanavyolipa, kosa hili tunalijua vizuri, na si la wapiga gitaa peke yao. Kitu cha 35,000 kinakufanya ufikirie. Unauliza mke au mume, unauliza rafiki, unalala nacho wiki mbili. Kitu cha 6,500 unakilipia ukiwa kwenye matatu. Pesa ndogo ndogo hazina uchungu, na kila moja inakuja na sababu yake nzuri. Mwisho wa mwaka hakuna siku hata moja unayoweza kuikumbuka ukasema, "Hapa ndipo nilipotumia elfu hamsini."

Pedali ina ujanja mwingine. Haitembei peke yake. Nyingi zinahitaji stima ya voliti 9, na tofauti na vifaa vingi vya nyumbani, ncha ya katikati ya plagi yake huwa hasi. Ukichukua chaja yoyote uliyoikuta kwenye droo ukaichomeka kwa sababu imeingia, unaweza kuiua pedali siku hiyo hiyo. Basi unanunua chaja sahihi. Ukifika pedali tatu unanunua kigawanya stima. Kisha nyaya fupi, kisha ubao wa kuzipanga, kisha begi la ubao. Ukiona bei ya pedali, jiulize pia bei ya wafuasi wake.

Halafu kuna mkopo wa simu. Ile pedali ya 11,000 mwenzetu aliichukua kwa mkopo wa siku thelathini kwa kuwa muuzaji alimwambia imebaki moja tu. Ikambidi alipe mkopo pamoja na gharama zake mwezi ambao hakupata kazi hata moja. Sisi tunatoa huduma za pesa, na bado tutasema waziwazi: mkopo wa muda mfupi unafaa kwa kitu kitakachokuletea pesa ndani ya muda huo huo. Pedali ya mwangwi kwa mtu asiyesikika jukwaani si kitu hicho.

Sauti inapita wapi

Ili ugawe pesa vizuri, fuata njia ya sauti. Inaanza kwenye vidole, inaingia kwenye nyuzi, inapita kwenye pedali kama zipo, inaingia kwenye amplifaya na kutokea kwenye spika. Wewe unagusa mwanzo wa njia. Watu wanasikia mwisho wake. Pedali ziko katikati, na kile zinachopokea kikiwa kibaya, zinakipitisha kibaya hivyo hivyo, ila kikiwa kimepambwa.

Mwaka 1952 Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, nchini Congo. Alikuwa na gitaa kavu na vidole vyake, bila amplifaya wala kisanduku chochote, na wapiga gitaa bado wanajifunza kutoka kwenye rekodi hizo. Benga ilipokuja na magitaa ya umeme, wapigaji wa solo walikuwa wakiigiza mchomoko wa nyatiti, kile chombo cha Waluo chenye nyuzi nane. D.O. Misiani na Shirati Jazz, George Ramogi na wenzao walihitaji sauti safi na kali ambayo kila noti inasimama peke yake hata zikikimbia. Ndiyo maana ukipiga benga na pedali ya kukwaruza imewashwa, noti zinashikamana kama ugali uliokosa moto. Mambo ni hayo hayo kwenye sebene ya Kikongo, ambako gitaa la solo, la mi-solo na la rithim yanasukana. Mmoja akiziba nafasi kwa mwangwi mwingi, wenzake wote wanapotea.

Kwa hiyo mtu anayepiga benga au rumba anahitaji vitu viwili kabla ya kingine chochote: gitaa linaloshika tyuni na amplifaya yenye sauti safi hata ikipandishwa. Kuna amplifaya moja maarufu, Roland JC-120 iliyotoka mwaka 1975, ambayo jina lake lilijengwa juu ya jambo hilo hilo: wati 120, spika mbili za inchi 12, sauti safi, na korasi ikiwa ndani yake tayari. Hatukuambii uitafute, ni nzito na si rahisi. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba wakati mwingine efekti unayoitaka imo ndani ya amplifaya, huhitaji kuinunua kando.

Kuhusu gitaa lenyewe tutakuwa wafupi. Magitaa ya bei ya chini ya siku hizi si yale ya zamani. Kampuni kubwa zina majina ya bei nafuu, kwa mfano Squier ya Fender, na mengi yanatengenezwa vizuri kiwandani. Yanachokosa ni kurekebishwa. Shingo imepinda kidogo, nyuzi ziko juu mno, noti za juu hazikubaliani na za chini. Mpeleke fundi wa magitaa, mlipe, na ununue seti mpya ya nyuzi. Tungetaka kila mtu anayefikiria kuuza gitaa lake anunue jingine afanye hivi kwanza. Mara nyingi shida ilikuwa nyuzi za mwaka juzi.

Amplifaya nayo ina mtego wa namba. Watu hununua wati kama wanavyonunua unga, wakidhani mara mbili ya wati ni mara mbili ya sauti. Si hivyo. Amplifaya ya wati 20 inaizidi ya wati 10 kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti kama imekuwa mara mbili, nguvu inabidi iongezeke takriban mara kumi. Spika yenyewe ina neno kubwa: spika ya inchi 12 inasukuma hewa kwa namna ambayo ya inchi 6 au 8 haiwezi, hata ukiipa wati nyingi. Kwa mtu anayepiga na dramu, amplifaya ya transista ya wati 50 hivi yenye spika ya inchi 12 ni mahali pazuri pa kuanzia. Za valvu husikika kubwa kwa wati chache zaidi, ila valvu huchakaa kama balbu na kuzibadilisha ni gharama. Ukiwa na bajeti ndogo, transista haina aibu yoyote.

Na tafadhali soma nyuma ya kifaa. Amplifaya iliyotoka Marekani imetengenezwa kwa stima ya voliti 120. Yetu ni 240. Ukiichomeka ukutani bila kibadilisha voliti utasikia mlio mmoja tu, na hautakuwa wa muziki.

Unapopigia ndipo panapoamua

Hapa ndipo wapiga gitaa hubishana hadi usiku, na ubishi mwingi unatokana na kwamba kila mmoja anapigia mahali tofauti. Tuchukue shilingi 60,000 kama mfano. Bei tunazotaja ni za kukufanya uone mgawanyo tu. Dukani utakuta nyingine.

Wa kwanza anapiga kwenye kilabu na sherehe, na bendi yake haina vyombo vizuri. Sisi tungempa mgawanyo huu: gitaa 22,000, fundi na nyuzi 3,000, amplifaya ya mtumba iliyo imara 28,000, pedali moja ya kutyuni pamoja na waya mzuri 4,500, na zile 2,500 zinazobaki ziende kwenye begi na mkanda. Pedali ya kutyuni tumeiingiza kwa makusudi. Haina mbwembwe, hakuna mtu atakayeisifu, lakini inakuwezesha kutyuni kimya kati ya nyimbo wakati MC anaongea. Hiyo ndiyo pedali pekee tungemwambia kila mtu anunue mapema.

Kama bado anakodi amplifaya, hesabu ni rahisi. Akikodi kwa 1,500 kila kazi na ana kazi mbili kwa mwezi, anatoa 3,000. Amplifaya ya 30,000 inajilipa kwa miezi kumi. Akipata kazi moja kila miezi miwili, hapo ingemchukua zaidi ya miaka mitatu, basi aendelee kukodi na pesa akaziweke kwenye akiba.

Wa pili anapiga kanisani, na hapa tunageuza maneno yetu wenyewe. Makanisa mengi ya mjini yana mikisa na spika kubwa, na mtu wa sauti hataki amplifaya jukwaani. Anataka waya wako uingie kwenye mikisa basi. Ukichomeka gitaa moja kwa moja linatoka jembamba na kali, kwa sababu spika ya gitaa huwa inakata ule ukali wa juu na sasa haipo. Mpigaji huyu anahitaji kifaa cha efekti nyingi kinachoigiza amplifaya na spika ndani yake. Tena kwenye nyimbo nyingi za kuabudu za siku hizi ule mwangwi unaorudi kwa mpigo si pambo, ndio wimbo wenyewe. Kwake tungesema gitaa 28,000, kifaa cha efekti nyingi 24,000, fundi 3,000, waya 2,000, na 3,000 ibaki akiba. Amplifaya sifuri. Mpiga benga wa hapo juu angemcheka, na angekuwa amekosea.

Anayepiga nyumbani tu, au anayerekodi kwenye kompyuta, anahitaji vichache kuliko anavyodhani. Gitaa zuri, kitu cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na vipokea sauti vya kichwani. Majirani watakushukuru.

Kuna kosa moja linalowakumba wote watatu: kununua kwa sababu msanii fulani anacho. Kama msanii huyo anapigia uwanjani na wewe unapigia Kayole kwenye chumba cha kumi kwa kumi, vifaa vyenu havina kazi moja.

Ukifika wakati wa kulipa

Vifaa vingi vya muziki hapa kwetu vinauzwa mkono kwa mkono, na hapo ndipo wateja wetu huumia. Ukinunua cha mtumba, kione, kichomeke, kipige kwa sauti ya juu angalau dakika kumi. Geuza kila kitufe. Kikikwaruza kidogo huenda ni vumbi tu, lakini kikizima kikipata joto, ondoka. Usitume pesa ya kushikiliwa kitu kwa mtu usiyemjua na ambaye hujaona anachouza, hata akikutumia picha kumi. Picha zinaweza kuwa za mtu mwingine.

Kama ni duka, lipa kwa nambari ya till ya duka, si kwa nambari binafsi ya kijana aliye kaunta. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama si jina ulilotarajia, katisha, uliza. Ukishatuma vibaya, omba pesa zirudishwe mara moja kupitia huduma kwa wateja. Usingoje jioni, kwa sababu aliyepokea akizitoa kazi inakuwa ngumu. Na usikubali muuzaji akwambie ugawe malipo mara tatu nne bila sababu, maana kutuma mara nyingi kunaweza kukugharimu zaidi kuliko kutuma mara moja.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza, mtego unageuka. Mnunuzi anakuonyesha ujumbe wa kuthibitisha, au unaingia kwenye simu yako ukifanana kabisa na wetu. Usiamini ujumbe. Angalia salio. Kama salio halijaongezeka, amplifaya haitoki mlangoni, hata kama ana haraka na boda boda inangoja nje. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia akuulize PIN ili "kuachilia" malipo.

Ukiagiza kutoka nje, bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu. Kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mzigo. Pedali iliyoonekana rahisi inaweza kufika hapa ikiwa ghali kuliko ile ya dukani Nairobi, na ikiharibika humjui wa kumrudishia. Kwa lipa mdogo mdogo, jumlisha kila malipo hadi mwisho uone bei halisi ni ngapi, kisha uamue.

Jambo dogo tunalopenda sana, ambalo wengi hawalifanyi: tenga pesa ya vifaa mbali na pesa ya matumizi. Kila ukilipwa kazi, hamishia sehemu yake kwenye akiba yenye jina la kitu unachokitafuta. Bendi nyingi zinafanya kama chama, kila kazi inatoa kiasi fulani kabla ya watu kugawana, na baada ya muda wananunua amplifaya ya pamoja. Hilo linafanya kazi mradi muandike mapema amplifaya inalala kwa nani, na itakuwa ya nani bendi ikivunjika. Tumesikia ugomvi wa kutosha.

Mwenzetu aliuza pedali nne. Zilimgharimu 35,700 zikiwa mpya, na akapata 19,500, hasara ya 16,200. Akaongeza akiba ya miezi mitatu, akapata amplifaya ya mtumba yenye spika ya inchi 12 baada ya kuijaribu mara mbili. Alibaki na ile ya kutyuni na ya kukwaruza. Kiongozi wa bendi alimwita tena mwezi wa Agosti. Juzi alituonyesha picha ya pedali ya korasi kwenye simu, akasema ni 7,000 tu. Tukamuuliza ya nani stima, waya na nafasi kwenye ubao. Akarudisha simu mfukoni, lakini ile picha hajaifuta.